Kifuniko Kikifungwa Mtandao Unasuasua: Uchambuzi wa Kisa cha Mkalimani Anayefanyia Kazi Nyumbani

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mkalimani anayefanya kazi kwa mbali akiwa nyumbani kwake, katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina lake, mtaa, aina ya kompyuta na kampuni inayompa intaneti vimeondolewa. Mpangilio wa vifaa na vipimo vilivyochukuliwa vimebaki.

Kazi yake ni kufasiri mikutano papo kwa papo: anasikiliza lugha moja masikioni huku akiitoa kwa lugha nyingine kinywani, na wasikilizaji wako nchi tofauti. Mtu anayetazama video huenda asitambue kwamba mtandao umesita kwa sekunde tatu, kwa sababu programu imekwisha kupakua sehemu ya mbele. Kwa mkalimani, sekunde tatu ni sentensi nzima ya msemaji, na sentensi hiyo hairudi. Ndiyo maana tatizo ambalo wengine wa nyumba hiyo waliliona kuwa usumbufu mdogo, kwake lilikuwa linagusa jina lake na riziki yake.

Meza yake ni ndogo na imewekwa kwenye kona ya chumba cha kulala. Juu yake kuna monita ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, ambayo upande mmoja huonyesha mkutano na upande wa pili orodha za istilahi. Kamera imebanwa juu ya monita, na kibodi na kipanya havitumii waya. Kompyuta yenyewe, ambayo ni mpakato ya Windows, ilikuwa imefungwa kifuniko na kusimamishwa wima katika kishikizo cha chuma, nyuma kabisa ya monita, ili meza ibaki na nafasi. Mlango mmoja wa USB-C ulibeba habu iliyounganisha kila kitu: waya wa HDMI kwenda kwenye monita, chaja, kipokezi cha kipanya, na diski ya nje ya USB 3 kwa ajili ya nakala za akiba. Waya zilizobaki zilikunjwa na kufungwa pamoja nyuma ya kishikizo.

Ruta ilikuwa sebuleni, na kati yake na meza kulikuwa na kuta mbili za tofali za saruji. Ilikuwa ikirusha Wi-Fi katika kanda mbili za masafa, gigahetsi 2.4 na gigahetsi 5, zote kwa jina moja, na ilikuwa imeachiwa ijichagulie chaneli, yaani kijisehemu cha ukanda cha kurushia. Karibu kila sehemu ya mpangilio huu ilikuja kuwa na mchango wake katika tatizo.

Yaliyofanyika kabla ya uchunguzi

Malalamiko yalikuwa kwamba mtandao unakata wakati wa mikutano. Sauti zinakatikakatika, picha inaganda, kisha mambo yanarudi sawa. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki mbaya bila sababu inayoonekana. Alama ya Wi-Fi kwenye skrini ilionyesha mistari yote imejaa hata katika dakika zilizokuwa mbaya zaidi.

Alianza kwa kuipigia simu kampuni ya intaneti. Wakapima laini kutoka upande wao, wakakuta iko sawa, wakamshauri achukue kifurushi chenye kasi kubwa zaidi. Alilipia, na hali haikubadilika. Akapeleka kompyuta kwa fundi dukani, ambako iliwekwa mezani, ikafunguliwa, ikaunganishwa na Wi-Fi ya duka na kufanya kazi vizuri kwa siku nzima. Kwa kuwa mteja alisisitiza kuna tatizo, fundi alipiga Windows upya na kuweka draiva mpya ya Wi-Fi, yaani programu inayoendesha kifaa hicho. Kompyuta iliporudi nyumbani ilikaa vizuri kwa muda, na kila mtu akaamini imepona. Kisha usiku mmoja umeme ukakatika mtaani, ukarudi alfajiri, na mkutano wa asubuhi hiyo ukaharibika kuliko yote iliyotangulia.

Wakati nilipoitwa kufanya uchunguzi, alikuwa ameamua kwamba kompyuta ni mbovu na ameanza kuweka akiba ya kununua nyingine.

Uchunguzi, hatua kwa hatua

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupima tatizo likiwa katika hali ileile linamotokea. Nilipoketi mezani, mteja aliinuka kuitoa kompyuta kwenye kishikizo na kuifungua ili nione vizuri. Nikamwambia, "Dada, naomba usikiguse kifuniko kwanza." Monita ilikuwa inaonyesha kila kitu kilichohitajika, na kwa maelezo yake mwenyewe mtandao haukuwahi kumsumbua alipoitumia kompyuta sebuleni ikiwa wazi. Hadi hapo hakuna mtu aliyekuwa ameipima ikiwa imefungwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuigawa njia vipande viwili. Kati ya kompyuta na mkutano kuna mkondo mrefu, lakini unaweza kukatwa mahali pamoja penye manufaa makubwa, yaani kwenye ruta. Tukafungua dirisha la amri na kuiacha kompyuta itume ping, yaani ujumbe mfupi unaongoja jibu, mfululizo kwa ruta ya nyumbani, bila kugusa intaneti ya nje. Katika nyumba ya ukubwa ule majibu yanapaswa kurudi ndani ya milisekunde chache. Yalikuja mengine kwa milisekunde mia mbili na zaidi, na kila baada ya muda mfupi ukatokea mstari wa "Request timed out", yaani jibu halikufika kwa wakati. Hapo kampuni ya intaneti ikaondoka kwenye orodha ya washukiwa, pamoja na kifurushi kilichoongezwa. Tatizo lilikuwa ndani ya nyumba, kati ya chumba na sebule.

Dhana iliyofuata ilikuwa ya umeme. Kompyuta ikifungwa kifuniko, Windows inaweza kuilaza, na hata isipolala inaweza kuzima kifaa cha Wi-Fi ili kuokoa nguvu. Dhana hii ilistahili kuchunguzwa mapema kwa sababu ni chanzo cha kawaida sana na kuipima ni rahisi. Mpangilio wa kifuniko, kompyuta ikiwa kwenye chaja, ulikuwa umewekwa isifanye chochote. Tukatoa pia ripoti ya Wi-Fi kwa amri ya netsh wlan show wlanreport, ambayo hukusanya matukio ya siku tatu zilizopita. Haikuonyesha kompyuta kulala wala kutengana na Wi-Fi katika saa za mkutano ulioharibika. Kompyuta inayolala hukata mtandao wote kwa mara moja. Hii ilikuwa imeunganishwa muda wote, ila mazungumzo yake na ruta yalikuwa yanapotea njiani.

Kisha tukatumia amri ya netsh wlan show interfaces, ambayo huonyesha hali ya Wi-Fi kwa sasa: chaneli, kasi ya kupokea, na nguvu ya ishara kwa asilimia. Kompyuta ilikuwa kwenye chaneli 1, yaani kwenye ukanda wa gigahetsi 2.4, ikiwa na ishara ya asilimia 78. Namba hiyo ni nzuri, na ndiyo iliyokuwa ikijaza ile alama kwenye skrini. Lakini kasi ya kupokea ilikuwa chini sana kwa ishara ya namna hiyo, na ping zilikuwa zinapotea.

Sasa ndipo tulipofungua kifuniko, kompyuta ikiwa imewekwa kando ya monita, huku tukirudia amri ileile kila baada ya muda mfupi. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Baada ya kitambo mstari wa "Channel" ukaruka kutoka 1 hadi 36, kwenye ukanda wa gigahetsi 5, ishara ikawa asilimia 74, na ping zikatulia zote. Tukafunga kifuniko na kuirudisha kompyuta nyuma ya monita. Ishara ya chaneli 36 ikashuka hadi asilimia 40, ikayumba hapo kwa muda, kisha kompyuta ikaiacha na kurudi chaneli 1 kwa asilimia 78. Ping zikaanza kupotea tena. Mteja alikuwa akifuatilia namba hizo pamoja nami, na ndiye aliyesema kwamba basi kompyuta yake haikuwa mbovu.

Kwa nini kifuniko kinaathiri Wi-Fi

Katika kompyuta mpakato nyingi, antena za Wi-Fi zimefichwa kwenye ukingo wa juu wa fremu ya skrini. Nyingine huziweka karibu na bawaba. Kifuniko kikiwa wazi, antena za ukingo wa juu husimama hewani, mbali na saketi. Kikifungwa, hulala juu ya mwili wa kompyuta, zikiwa zimebanwa kati ya chuma cha kifuniko, kibodi na bodi yenyewe. Hapa kulikuwa na nyongeza mbili, kishikizo cha chuma na mgongo wa monita, ambao ulikuwa upande wa ruta.

Ukubwa wa upotevu huo unaweza kuhesabiwa. Kwa maelezo ya Microsoft, asilimia 100 ya ishara katika Windows ni sawa na dBm -50 (dBm ni kipimo cha nguvu ya ishara kwa desibeli) na asilimia 0 ni dBm -100, hivyo kila asilimia moja ni nusu desibeli. Kushuka kutoka 74 hadi 40 ni desibeli 17, yaani nguvu inayofika imepungua takribani mara 50. Masafa ya gigahetsi 5 tayari hupenya kuta vibaya kuliko ya 2.4, kwa hiyo kuta mbili za saruji zilikuwa zimekula sehemu yao kabla. Kompyuta ilipouona ukanda wa 5 umedhoofika hivyo na ukanda wa 2.4 una ishara kubwa, ilihamia huko. Kwa kipimo cha nguvu peke yake, ilichagua vizuri.

Kwa nini chaneli 1 ilikuwa mbaya ingawa ishara ilikuwa kubwa

Sehemu hii ndiyo iliyohitaji subira zaidi, na kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi. Asilimia ya ishara hupima nguvu ya kile kinachotoka kwenye ruta. Haisemi lolote kuhusu kelele, yaani mawimbi mengine ya redio yanayoivuruga ishara, iliyopo mahali antena ilipo. Wi-Fi ikikosa kuthibitishiwa kwamba kipande cha taarifa kimefika, hukituma tena, na ikishindwa mara nyingi hushusha kasi yake. Ndiyo maana kelele hujitokeza kwanza kama ucheleweshaji na kasi ndogo, na mwishoni kabisa kama upotevu.

Mshukiwa wa kwanza wa kelele alikuwa waya wa HDMI, kwa sababu ulipita sentimita chache kutoka kwenye kifuniko, ukiwa umekunjwa na kufungwa nyuma ya kishikizo. Badala ya kuuchomoa, jambo ambalo lingetuacha bila skrini ya kusoma vipimo, tuliacha kifuniko kimefungwa na chaneli ikiwa ileile 1, tukapunguza tu pikseli za monita hadi 1920 kwa 1080. Ping zikanyooka. Tukarudisha 2560 kwa 1440, zikapotea. Tulirudia mpaka pasiwe na shaka kwamba si bahati.

Maelezo yake ni ya kihesabu. Picha ya pikseli 2560 kwa 1440 inayobadilika mara 60 kwa sekunde, kwa mpangilio wa kawaida wa monita, hutumwa kwa saa ya pikseli, yaani kasi ya kutuma pikseli, ya megahetsi 241.5. Waya hutoa kelele kwenye vizidisho vya namba hiyo, na mara kumi yake ni megahetsi 2415. Chaneli 1 ya Wi-Fi ina kitovu chake megahetsi 2412 na hutumia takribani kuanzia 2402 hadi 2422, hivyo kelele inaangukia ndani yake. Picha ya 1920 kwa 1080 hutumia megahetsi 148.5, mara kumi na sita ni 2376 na mara kumi na saba ni 2524.5, na ukanda wote wa Wi-Fi wa 2.4 umekaa katikati bila kuguswa. Jambo hili liliwahi kujulikana hadharani mwaka 2019, watumiaji wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 walipogundua kwamba Wi-Fi inapotea monita ikiwekwa pikseli 2560 kwa 1440.

Waya bora wenye kinga hupunguza sana kelele hiyo. Uliokuwa ukitumika ulikuwa mwembamba, wa bei ndogo. Ule mzito uliokuja na monita ulikuwa bado ndani ya boksi lake juu ya kabati. Tulipouweka, upotevu kwenye chaneli 1 ulipungua kwa kiasi kikubwa ingawa haukuisha.

Hapo pia fumbo la wiki nzuri na wiki mbaya likafunguka. Ruta iliyoachiwa ijichagulie chaneli mara nyingi huchagua inapowaka. Kila umeme ulipokatika na kurudi, ruta ilianza upya na kuchagua tena: ikiangukia chaneli 6 au 11, mkalimani alipata wiki nzuri, ikiangukia 1, mikutano iliharibika. Windows mpya haikuponya kitu. Iliwekwa tu katika kipindi ambacho ruta ilikuwa kwenye chaneli nyingine.

Maamuzi yaliyofanywa

Njia za kurekebisha zilikuwa kadhaa, na kila moja ilikuwa na gharama yake kwa mtu anayeishi na meza hiyo. Kupunguza pikseli kungeondoa kelele, lakini maandishi kwenye monita ya aina ile huwa na ukungu yasipotumia pikseli zake halisi, na mkalimani husoma istilahi kwa kutupa jicho tu. Kuacha kifuniko wazi kungeila meza nusu. Kuilazimisha kompyuta ibaki kwenye ukanda wa 5 kupitia mipangilio ya draiva kuliwezekana, ila kwa ishara ya asilimia 40 ingekuwa ni kuiondoa kwenye kelele na kuiweka kwenye udhaifu.

Tulianza na mahali, kwa sababu hakugharimu chochote. Kishikizo kilihamishwa kutoka nyuma ya monita hadi ubavuni, upande wa mlango, na waya wa HDMI ukapelekwa upande wa pili badala ya kufungwa pamoja na kompyuta. Kifuniko kikiwa kimefungwa, ishara ya ukanda wa 5 ilipanda hadi kati ya asilimia 58 na 62, na kompyuta ikabaki chaneli 36. Kisha ukanda wa 2.4 wa ruta uliwekwa kwa mkono kwenye chaneli 11, ili hata siku kompyuta itakapohamia huko ikute mahali pasipo na ile kelele. Waya wa HDMI ulibadilishwa kwa kudumu.

Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi mezani ndio suluhisho ninaloliamini zaidi kwa kazi ya ukalimani, na nilimweleza hivyo. Mwenye nyumba hakubali kuta zitobolewe. Tukakubaliana awe na waya mrefu ambao huutandika ukutani mwa korido siku za mikutano mikubwa, na kuukunja baadaye.

Matokeo

Mikutano ilitulia, na ilibaki imetulia baada ya umeme kukatika na kurudi, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa ndilo jaribio lililoshinda kila tiba. Kifurushi kilirudishwa kwenye kile cha awali, na kompyuta haikubadilishwa.

Kero moja ilibaki. Jioni, diski ya nje ilipokuwa ikinakili mafaili, kipanya kilianza kukwama kwenye skrini. Hii ni kelele ya aina nyingine, na iligusa kipanya kwa sababu nacho huwasiliana katika ukanda wa 2.4. Intel ilichapisha mwaka 2012 vipimo vilivyoonyesha kwamba vifaa na waya za USB 3.0 hutoa kelele pana inayofunika ukanda wote wa 2.4, na karibu na kifaa inaweza kuinua kelele kwa karibu desibeli 20. Kwa kuwa imeenea ukanda mzima, kubadili chaneli hakuisaidii. Dawa yake ni umbali. Kipokezi cha kipanya, ambacho kilikuwa kimechomekwa kwenye habu bega kwa bega na diski, kilihamishiwa kwenye waya mfupi wa kurefushia hadi mbele ya kibodi, na kipanya kikaacha kukwama.

Uchambuzi

Kilichofanya tatizo lidumu kwa miezi ni kwamba kila aliyelipima alilipima baada ya kuliondoa. Kampuni ilipima laini inayoishia kwenye ruta. Fundi wa duka alipima kompyuta iliyo wazi, bila monita, bila habu, kwa ruta nyingine. Sioni haki kumlaumu, kwa sababu aliletewa kompyuta, na kwenye kompyuta hapakuwa na ubovu wowote. Ubovu ulikuwa katika jinsi vitu vilivyokaa pamoja mezani, na meza haikupelekwa dukani. Hata mteja mwenyewe, kila alipofungua kifuniko kutazama kuna nini, alikuwa akiirudisha antena hewani, na baada ya kitambo kompyuta ilikuwa ikihamia chaneli safi.

Kuchelewa huko kwa kuhama kulipotosha pia. Kwa kuwa nafuu haikuja papo hapo kifuniko kilipofunguliwa, hakuna aliyeihusisha na kifuniko. Anayepima hali kama hii asitoe hukumu katika sekunde chache za kwanza baada ya kubadilisha jambo. Asubiri huku akitazama namba ya chaneli.

Ping kwa ruta ya ndani ilikuwa hatua iliyolipa kuliko zote, na ningeiweka mbele ya kipimo chochote cha kasi ya intaneti. Kipimo cha kasi hutoa wastani wa sekunde kadhaa, na wastani unaweza kupendeza huku ndani yake kukiwa na mashimo ya nusu sekunde. Hatua ya kubadilisha pikseli nayo ilifaa kwa sababu iligusa kitu kimoja tu: kifuniko, mahali, chaneli na waya vyote vilibaki vilivyokuwa. Kama tungehamisha kompyuta na kubadili waya kwa wakati mmoja, tatizo lingeweza kuondoka bila mtu kujua lilikuwa nini, kisha likarudi siku umeme utakapokatika.

Udhaifu wa suluhisho hili uko kwenye ruta. Chaneli 11 iliwekwa kwa mkono, na mtu yeyote nyumbani akiirudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani, itaanza tena kujichagulia. Mteja ameandikiwa kwenye karatasi jina la ukurasa wa mipangilio, chaneli inayotakiwa, na amri mbili za kuangalia, na karatasi hiyo imebandikwa chini ya ruta.